Usharika unapokea wamisionari wazee wawili kijijini: tuwaandalie nini, na wafanye kazi gani?

Katibu_Usharika
Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu uko wilaya ya Mkalama, Singida. Tutapokea wanandoa wastaafu kutoka ng'ambo kwa miezi 18. Baba ana miaka 69, alikuwa fundi mitambo. Mama ana 67, muuguzi mstaafu. Baraza la wazee limegawanyika. Wengine wanataka baba atengeneze pampu ya mkono ya kijiji (ni Afridev) na kusimamia kisima kipya uwanjani mwa kanisa, na mama aanze mara moja zahanati. Wengine wanasema watu wa umri huo wapewe Biblia na kiti kivulini. Nyumba tuliyo nayo ina vyumba viwili, paa la bati, choo cha kuchuchumaa nje. Naomba maelezo ya vitendo, ya kututia moyo tunayo mengi.

Mratibu_Misheni
Katibu, anza na karatasi. Mmisionari na mtu wa kujitolea huombewa kibali cha ukaazi daraja C, na mwombaji ni kanisa linalompokea, siyo yeye mwenyewe. Kuingia kwa viza ya utalii halafu kuanza kazi ni kosa hata kama kazi haina mshahara. Wengi hujikwaa hapo kwa kudhani "kujitolea" si kazi.

Mama asiguse mgonjwa kabla Baraza la Uuguzi na Ukunga halijampa usajili wa muda. Leseni ya kwao haitoshi. Wakati mnasubiri, kuna kazi nyingi zisizohitaji leseni: kupanga stoo ya dawa ili zinazokaribia kuisha muda zitoke kwanza, kukaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapoandaa masomo, kufundisha usafi wa mikono shuleni. Kusema kweli kazi hizo zinaacha matunda zaidi kuliko mgeni kupima presha asubuhi mpaka jioni kisha kuondoka na ujuzi wake.

Jambo jingine ambalo sharika nyingi hulikumbuka likiwa limeshaharibika: maombi ya fedha. Wiki ya pili mlangoni kutakuwa na barua za ada, nauli ya hospitali, bati la jirani. Wageni wenye huruma watatoa, na mwezi wa tatu watakuwa wamewatenga nusu ya washarika bila kujua. Tangazeni kanisani kabla hawajafika kwamba kila ombi linapitia kamati ya diakonia (huduma kwa wahitaji), na wageni hawatoi fedha mlangoni. Atangaze mchungaji. Wasiachiwe wao waliseme.

Lugha nayo isisahaulike. Wakipata hata wiki nane za Kiswahili kabla ya kuja kijijini, nusu ya matatizo hayatatokea. Msiwape mkalimani mmoja wa kudumu, maana huyo hugeuka mlango wa kila kitu.

Fundi_Visima
Nijibu upande wa maji, ndiko kwenye mtego.

Kwanza, pampu ya kijiji si ya kanisa. Inasimamiwa na CBWSO, chombo cha wananchi cha kuendesha maji, na juu yake ipo RUWASA wilaya, wakala wa serikali wa maji vijijini, kwa sheria ya mwaka 2019. Mgeni akiifungua bila wao, siku ikigoma lawama zote ni za usharika. Baba akae kando ya kisima, spana ishikwe na mafundi wawili wa kijiji wakati yeye anaelekeza. Mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa wachotaji ndio wanaojua kwanza kwamba pampu imekuwa nzito.

Afridev inafaa sana kwa mafunzo ya namna hii, kwa sababu pistoni na vali ya chini hutolewa kwa juu bila kung'oa bomba. Vifaa vyake ni spana na ndoana ya kuvulia vali, basi. Kabla ya kufungua chochote, pimeni hivi:

Acheni pampu nusu saa bila kupiga, kisha mpige mkihesabu. Maji yakitoka ndani ya mipigo mitano, sawa. Yakichelewa hadi kumi au zaidi, maji yanavuja kurudi kisimani: ama mpira wa vali ya chini umechakaa, ama kiungo cha bomba kimepasuka.

Halafu jazeni ndoo ya lita 20. Silinda ina kipenyo cha milimita 50 na mpigo wa sentimita 22 hivi, kwa hiyo kila mpigo kamili unatoa zaidi kidogo ya lita 0.4. Ndoo ijae kwa mipigo 45 hadi 50. Ikifika 70, mpira wa pistoni (ule wenye umbo la U) umekwisha. Lakini maji yakitoka vizuri mwanzo kisha yakakatika, na baada ya kupumzika yakarudi, pampu haina kosa, kisima ndicho kimepungua. Watu hubadilisha mipira mara tatu kwa tatizo ambalo liko ardhini.

Mpini ukicheza pembeni, badilisheni bushi za plastiki mapema. Zikiachwa, chuma hula chuma na kitakachonunuliwa ni mpini mzima. Bomba la plastiki likipasuka hukatwa na kuunganishwa kwa gundi, na hapo ndipo haraka inapoharibu kazi: sehemu zote mbili ziwe kavu na safi, na kiungo kilale usiku kucha kabla ya kushushwa. Kikishushwa jioni ile ile, kinaachia na bomba linazama kisimani.

Kuhusu kisima kipya, tulieni. Kuchimba na kutumia maji ya ardhini kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, na kwenu ni Bonde la Kati, ofisi iko Singida mjini. La pili ni fluoridi, madini yanayoyeyuka ndani ya maji ya ardhini. Singida ni moja ya mikoa yenye tatizo hilo. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikizidi, meno ya watoto hubadilika rangi, na kikizidi sana kwa miaka mingi mifupa huharibika. Kuchemsha hakuondoi fluoridi, kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo inabaki. Pimeni maji ya visima vya jirani kabla ya kumlipa mchimbaji. Mfadhili akishaweka jina lake kwenye kibao, hakuna anayethubutu kusema kisima kifungwe.

Tabibu_wa_Kijijini
Nami kidogo upande wa afya, maana umri wao unabadilisha mambo.

Homa ya manjano: Tanzania hudai cheti kwa anayetoka nchi yenye ugonjwa huo, au aliyepita uwanja wa ndege wa nchi hiyo kwa zaidi ya saa 12. Waangalie ndege yao inapita wapi na kwa muda gani. Kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa ya chanjo hiyo huongezeka, kwa hiyo daktari wao apime faida na hasara. Akiona isitolewe, aandike cheti cha msamaha wa kitabibu. Na aliyewahi kuchanjwa hana haja ya kurudia: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha.

Kinga ya malaria ichaguliwe pamoja na dawa wanazokunywa tayari. Doksisaiklini huongeza nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na ngozi ya mzee itaungua jua la Mkalama. Meflokwini haifai kwa mwenye historia ya msongo mkali wa akili au kifafa. Chandarua chenye dawa hakina ubishi.

Dawa za presha na sukari ziandikwe kwa jina la dawa yenyewe (amlodipini, losartani, metformini), siyo jina la kampuni, ili zipatikane duka lolote. Wanaotumia dawa za kukojosha waulize mapema wafanye nini wakiharisha. Kwa joto lile, mzee anayeharisha huku anaendelea na dawa hiyo huishiwa maji haraka na figo huumia. Insulini ihifadhiwe hivi: chungu ndani ya chungu, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu. Hewa yenu ni kavu, kinapoa vizuri.

Bima ya kusafirishwa kwa ndege isomwe kifungu cha umri. Hospitali ya Haydom iko jirani kwa dharura nyingi, ila tatizo la moyo mpango uwe Dodoma tangu mwanzo.

Choo cha kuchuchumaa kibadilishwe. Kiti cha saruji chenye mfuniko, bomba la chuma la kushikia ukutani, taa ya sola njiani. Kuanguka usiku ni hatari kubwa kuliko nyoka mnayemhofia.

Katibu_Usharika
Asanteni sana. Kisima tunakisimamisha. Je, maji ya paa yatawatosha? Nyumba ni mita 8 kwa 10.

Fundi_Visima
Yanatosha. Mita za mraba 80, mvua ya milimita 600 kwa mwaka, toa asilimia 20 inayopotea: lita 38,400. Kizuizi ni tangi. Kiangazi chenu ni Mei hadi Novemba, siku 210 hivi. Watu wawili kwa lita 20 kila mmoja ni lita 8,400, kwa hiyo wekeni tangi la lita 10,000, liwe la kunywa, kupikia na kuoga kwa kubana. Kufulia watumie pampu ya kijiji kama wengine.

Mvua ya kwanza inaosha vumbi na mavi ya ndege. Mwageni lita 40 za mwanzo za kila mvua. Bomba la inchi 4 la kuyakinga linashika lita 8 kwa mita, lingehitaji mita 5, hivyo tumieni pipa dogo lenye tundu la milimita 3 chini lijimwage lenyewe. Wavu wa mbu kwenye kila mdomo. Maji ya kunywa bado yatiwe klorini na kuachwa nusu saa.

Tangi likijaa ni tani 10. Msingi uwe mpana kuliko tangi, umeshindiliwa na uko sawa kabisa, la sivyo litapasuka pembeni msimu wa kwanza. Mifereji ishuke sentimita 1 kwa kila mita. Na kuisafisha apande kijana, baba ashike ngazi.