Muziki wa indastriali: yatangulie mazingira ya sauti, au wimbo?

MkongeMweusi (Ngamiani, Tanga)
Ndugu zangu, salaam. Natengeneza muziki wa kielektroniki wa mkondo wa indastriali, ule mzito na wa giza, kwa kompyuta na sinthesaiza ndogo ya kuazima. Malighafi yangu kubwa ni sauti nilizorekodi kwenye korona, yaani mashine ya kuchakata majani ya mkonge, ya shamba moja nje ya mji: chuma kinachoparuza majani, maji yanayosukuma makapi, na ule mngurumo ambao huzama kila majani yanapoingizwa na kupanda tena mashine inapobaki tupu. Kila ninayemsikilizisha husema anajihisi yumo kiwandani usiku, lakini kesho yake nikimwomba aniimbie hata kipande kimoja, hana. Je, nitunge kwanza wimbo wenye beti na kiitikio ndipo niuvike sauti hizi, au mazingira hayo ya sauti yawe ndiyo kazi yenyewe?

Bi Chumbageni
Mwanangu, anza na wimbo. Hapa kwetu Tanga, vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star walipoacha okestra kubwa za mtindo wa Unguja wakashika gitaa za umeme na besi, sauti ya taarab ilibadilika, lakini shairi liliendelea kutawala, kwa vina vyake na kiitikio chake, na ndiyo maana watu huziitikia nyimbo zile harusini hata kipaza sauti kikiwa kinakoroma. (Za siku hizi ziko ambazo ukizima kinanda hubaki na matusi tu, lakini hayo tuyaache.) Huko kwenu kwenye indastriali nako ushahidi upo. Trent Reznor wa Nine Inch Nails, kundi la Marekani, aliifunga albamu yake ya 1994, *The Downward Spiral*, kwa "Hurt", wimbo unaoishia katika mikwaruzo na kelele. Mwaka 2002 Johnny Cash, mwimbaji wa muziki wa country wa Marekani, akiwa mzee na mgonjwa, aliuimba kwa gitaa kavu na piano, bila mitambo ile, na wengi waliulilia upya. Nawe ondoa korona yote, kisha usikilize kilichobaki.

Fundi Mitambo
Shikamoo Bi. Kipimo chako kinafaa nyimbo, ila hakifai kila kazi ya mkondo huu. Kundi la Throbbing Gristle wa Uingereza, ambao lebo yao ya Industrial Records ya mwaka 1976 ndiyo iliyoupa mkondo jina, walitoa "Hamburger Lady" mwaka 1978. Haina kiitikio, wala tuni ya kushika. Ina mlio unaozunguka kama king'ora kilichochoka, na sauti iliyoharibiwa makusudi ikisoma habari za mwanamke aliyeungua vibaya. Huwezi kuipigia gitaa, lakini aliyeisikia mara moja huitambua kabla hata sauti ya mtu haijaingia. Hapo kinachokumbukwa ni mlio mmoja uliochaguliwa na kupewa nafasi. Nashuku MkongeMweusi amerundika sauti kumi mahali pa moja.

Mstaafu wa Pongwe
Nimefanya kazi miaka mingi karibu na korona, na nashangaa kwamba kijana ameutaja ule mngurumo kana kwamba ni pambo. Korona ikilishwa inazidiwa na mzigo, mzunguko unapungua, sauti inashuka, ikimaliza, inapanda. Hizo tayari ni noti mbili, tena zenye mpangilio, kwa sababu mlishaji mzoefu huingiza majani kwa mwendo usiobadilika. Zitafute kwenye kinanda, zifanye besi, kisha kila kitu kingine kizisubiri. Mwanangu alinisikilizisha "Headhunter" ya kundi la Front 242 wa Ubelgiji, ya 1988: besi ya mashine haikuachii, na kiitikio kinahesabu moja hadi nne, kwa hiyo hata mimi nisiyejua Kiingereza vizuri nilikishika.

MkongeMweusi
Shikamoo mzee, shikamoo Bi. Fundi amenigusa kwenye kidonda, kwani ukurasa wangu wa kazi kwenye kompyuta una njia nyingi za sauti kiasi kwamba nyingine siwezi kuzitofautisha mwenyewe. Noti zile mbili nimezipata, ingawa ya chini imekaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda na sitairekebisha, maana ubaya wake ndio ninaoupenda. Neno bado sina. Bi Chumbageni, ukinipa ubeti mmoja wa mistari mitatu, wenye vina, nitauimba kwa sauti ya chini juu ya besi hiyo na kuuleta hapa muusikie.