Grupu la familia: Wajukuu wa Bibi Salome

JUMANNE

*Frank Kimara, saa 3:12 usiku*
[picha]
Mama Junior angalia hapo chini, tunasaini wote au mi peke yangu? Afu barafu utengeneze leo usiku kabisa maana kesho natoka kazini naenda moja kwa moja, nikirudi nitaihitaji

*Frank Kimara, 3:13*
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Ba'mdogo Elias Makambako, 3:14*
Nimeshasoma

*Ba'mdogo Elias, 3:14*
RIDHAA YA KUFUNGA UZAZI, MWANAUME. Frank hii ni nini

*Kelvin SUA, 3:15*
😂😂😂😂 kaka umekosea grupu

*Frank Kimara, 3:17*
Shikamooni wazee. Samahanini ilikuwa ya mama Junior

*Shangazi Agnes, 3:19*
Marahaba. Mi sijaelewa, nani anafungwa?

*Kelvin SUA, 3:19*
Kaka Frank shangazi. Anafunga kizazi

*Shangazi Agnes, 3:20*
Mwanaume ana kizazi?

*Tumaini Mbeya, 3:22*
Haya ndo yale yale, watu wanaletewa miradi waache kuzaa afu wenyewe hawajui. Bro nani kakudanganya

*Ba'mdogo Elias, 3:26*
Frank mimi nimeshahasi ng'ombe zaidi ya arobaini kwa mkono wangu. Najua kinachotokea. Unambana na burdizo, ile koleo ya kuhasi, leo, baada ya mwezi mmoja na nusu kende zimesinyaa kama zabibu, shingo inapungua, haangalii jike tena, kazi yake ni plau tu mpaka anachinjwa. Sasa wewe na miaka 38 unaenda kujifanya maksai kwa hiari yako na unasaini na fomu

*Kelvin SUA, 3:27*
Baba 😭😭 kama zabibu

*Upendo Dodoma, 3:41*
Nimetoka zamu sasa hivi nakuta meseji 23 nikajua kuna msiba. Shikamoo ba'mdogo, shikamoo shangazi. Naomba niongee maana hii ni kazi yangu na Frank aliniuliza tangu mwezi wa pili, kwahiyo kama kuna wa kulaumiwa mniunganishe na mimi

*Upendo Dodoma, 3:48*
Ba'mdogo burdizo inabana kila kitu, mishipa ya damu mle ndani yote inasagika, damu haifiki tena ndo maana zinakufa. Hii sio hiyo. Hapa wanakuchoma ganzi, wanatoboa tundu dogo tu kwenye ngozi ya chini, wanautafuta mrija unaopitisha mbegu, ukiushika kwa vidole ni mgumu mgumu kama tambi ambayo haijapikwa, wanauvuta nje kidogo wanakata kipande wanafunga ncha wanaurudisha, wanahamia upande wa pili. Dakika ishirini nusu saa umemaliza. Mara nyingi hata hushonwi uzi. Mishipa ya damu haiguswi, korodani zinabaki hai na homoni ya kiume inatoka kama zamani kwasababu yenyewe inapita kwenye damu haipiti kwenye ule mrija

*Tumaini Mbeya, 3:50*
Sasa si atakuwa anatoa hewa

*Upendo Dodoma, 3:52*
We Tumaini kuna wazee humu. Lakini nakujibu. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya yale maji, hazifiki hata kumi kwa mia, mengine yote yanatoka kwenye tezi za juu ambazo hazijaguswa. Kwa macho huoni tofauti. Mbegu zinaendelea kutengenezwa, zikikosa njia mwili unazinyonya wenyewe

*Mama Frank, 3:55*
[ujumbe wa sauti, dakika 2:14]

*Kelvin SUA, 3:58*
Kwa wasio na bando: mama mkubwa anauliza je Mungu aepushie mbali mtoto mmoja akiondoka, au Neema akitangulia Frank akaoa mwingine, huyo mke mpya atamzalia nini. Afu anauliza pia kama Frank amekula

*Frank Kimara, 4:03*
Nimekula mama. Hilo swali nesi aliniuliza hivyo hivyo, mara ya kwanza nilivyoenda akanirudisha nyumbani akasema nenda kafikirie kwanza. Nimefikiria miezi minne. Mtoto akiondoka haji mwingine kuziba nafasi yake mama, wewe mwenyewe ulimzika Daudi ukatuzaa na sisi na mpaka leo unamtaja

*Mama Frank, 4:09*
Sawa mwanangu

*Upendo Dodoma, 4:11*
Na mama ameuliza la msingi, tusimpite. Hii ni ya kudumu. Kuna operesheni ya kuunganisha tena ila ni ghali na sio lazima ikubali, kwahiyo mtu ambaye bado ana labda labda asifanye kabisa. Kijana wa miaka 25 hana mtoto akija kwangu namwambia rafiki yangu kaa kwanza

*Shangazi Agnes, 4:15*
Mi nauliza kwa upole tu. Hizi njia si zipo za wanawake? Sindano, kijiti, kitanzi, vidonge. Na Neema si alishapasuliwa tumbo, kwanini hakufungwa palepale? Tena sisi Wakatoliki hili tumeshakatazwa, Papa Paulo wa Sita alishaandika tangu 1968, mke au mume wote marufuku kujifunga. Kwenye WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, tumelisoma hili

*Frank Kimara, 4:18*
Najua shangazi. Hilo nalibeba mimi

*Neema mama Junior, 4:40*
Shikamooni. Nilikuwa namlaza Baraka. Nimesoma yote.

Shangazi sindano nilichoma nikatoka damu wiki sita mfululizo, nilikuwa naenda kazini na kanga mbili kwenye pochi. Kijiti kichwa kiliniuma mpaka nikakitoa kabla ya mwaka. Vidonge hivi vya kawaida nilikatazwa kwasababu ya presha. Kitanzi kilitoka chenyewe nikapata Baraka. Mimba ya Baraka mnaijua nyie, presha ilifika 180 kwa 120, mara ya mwisho nakumbuka naona vimulimuli kama nyota kwenye kona ya chumba, afu naamka siku ya pili nina mrija kila mahali naambiwa nilipata kifafa cha mimba na mtoto yuko kwenye joto. Sasa kunifunga palepale nani angesaini na mimi sina fahamu? Daktari alisema hafungi mtu ambaye hajamuuliza, na alikuwa sahihi. Na akaniambia mimba ya nne usijaribu.

Nikitaka kufungwa sasa ni kurudi kupasuliwa tena. Mimi ndo nilishajiandaa hivyo. Frank ndo akasema hapana zamu yangu. Mi sikumwomba.

*Kelvin SUA, 4:43*
🙏🏾

*Shangazi Agnes, 4:47*
Pole sana mwanangu. Hiyo ya kanga mbili hukuwahi kuniambia

*Tumaini Mbeya, 4:52*
Shemeji pole sikujua. Ila nabaki na yangu, hizi njia zinaletwa Afrika tupungue

*Upendo Dodoma, 4:59*
Tumaini hofu yako sio ya kijinga nakuambia ukweli. India kati ya 1975 na 1977 enzi za Indira Gandhi serikali ilifunga uzazi wanaume mamilioni, wengine walikamatwa wakapelekwa kama mbuzi, na serikali yake ikaanguka kwenye uchaguzi na hilo likiwa mojawapo. Ndo maana siku hizi kabla hujaguswa unaelezwa unaulizwa unasaini na unaweza kughairi hata ukiwa umeshalala kitandani. Na hii ya kutoboa bila kisu aliianzisha daktari Mchina Li Shunqiang mwaka 1974 kwa wanaume wenzake Wachina, Marekani na Ulaya waliichukua kutoka kwake. Kwahiyo sio kitu kilichopikwa kwa ajili ya Mmakambako

*Ba'mdogo Elias, 5:04*
Mi bado nipo kwenye ng'ombe. Hamjanijibu ng'ombe wangu

*Kelvin SUA, 5:10*
Baba acha nikujibu mimi, ada unalipa wewe 😅. Kuna maksai na kuna dume aliyefungwa mirija, ni wanyama wawili tofauti. Kwenye uhimilishaji, yaani kupandikiza ng'ombe mbegu bila dume, shida kubwa ni kujua jike lipi liko kwenye joto, si unakumbuka ulivyopishana na mtaalamu wa mbegu mara tatu? Sasa mashamba mengine wanachukua dume zima wanamkata mirija tu wanamrudisha kundini, wanamfunga kidude cha rangi kidevuni. Huyo anakimbiza majike anapanda kama kawaida, tena kwa fujo, kila anayempanda anabaki na rangi mgongoni, asubuhi unajua nani yuko tayari. Ila mimba hakuna. Angekuwa maksai asingenyanyua hata kichwa. Sasa kaka Frank ni huyo wa rangi kidevuni sio wa plau

*Ba'mdogo Elias, 5:13*
Anapanda?

*Kelvin SUA, 5:13*
Anapanda baba

*Ba'mdogo Elias, 5:14*
Shingo haipungui?

*Kelvin SUA, 5:14*
Haipungui. Shida yake tu ni kwamba kama jike lina ugonjwa wa zinaa anausambaza kundi zima maana anagusana nao wote

*Upendo Dodoma, 5:16*
Na hapo Kelvin kanisaidia. Hii haikingi UKIMWI wala kaswende wala chochote. Mwanaume asije akajifunga akadhani amepewa kibali cha kutembea

*Ba'mdogo Elias, 5:21*
Sawa. Ingekuwa mwanzo mmeniambia rangi kidevuni nisingepandisha presha. Frank nenda. Ila usije kulima kwangu msimu huu

*Frank Kimara, 5:22*
😂 Asante ba'mdogo. Wiki moja tu nisibebe vizito

*Upendo Dodoma, 5:25*
Frank nakukumbusha hapa hapa wote washuhudie: vaa chupi ya kubana usije na bukta, barafu uifunge kwenye kitambaa usiiweke kavu kavu, siku mbili lala, wiki nzima hakuna mtungi wa gesi hakuna ndoo ya maji hakuna bodaboda. Kuvimba kidogo na kuvilia damu ni kawaida. Homa, usaha au uvimbe unaoongezeka unarudi haraka. Wachache maumivu yanakaa muda mrefu, mmoja au wawili katika mia, nimekuambia ukweli huo tangu mwanzo. Na KUBWA KULIKO YOTE hujawa salama siku hiyo. Mbegu zilizoshapita pale zipo njiani bado, miezi mitatu mnatumia kondomu mpaka upime. Nimeona ndoa mbili zimeingia kwenye vurugu kwasababu mke alipata mimba mwezi wa pili mume akasema sio yangu mi nimefungwa. Ilikuwa yake

*Mama Frank, 5:31*
[ujumbe wa sauti, sekunde 9]

*Kelvin SUA, 5:32*
Mama mkubwa anasema atakuja Kimara Alhamisi asubuhi abebe mtungi yeye

*Frank Kimara, 5:33*
Mama ana miaka 67 🤦🏾‍♂️

*Tumaini Mbeya, 5:40*
Ni shilingi ngapi? Nauliza tu

*Upendo Dodoma, 5:41*
Vituo vya serikali uzazi wa mpango ni bure. Popote unapoona nyota ya kijani ulizia, kama hawafanyi watakuelekeza wanapofanya

*Tumaini Mbeya, 5:41*
Nimesema nauliza tu


IJUMAA, MIEZI MITATU BAADAYE

*Frank Kimara, saa 5:20 asubuhi*
Upendo ule mtihani wako umenimaliza leo

*Upendo Dodoma, 5:22*
Umepeleka sampuli?? Wameonaje

*Frank Kimara, 5:31*
Sikia. Wamenipa kikopo jana wakasema ukichukulia nyumbani kiwe hapa ndani ya saa moja na kisipoe. Nimemaliza saa mbili na dakika kumi, natoka nje mwendokasi imejaa mpaka mlangoni, nikasema bodaboda. Kikopo nimekivika soksi ya Baraka nikakibana kwapani. Ubungo foleni haisogei. Dereva ananiuliza kaka mbona umekaa kama ndege mwenye bawa moja, umeumia? Nikamwambia jipu. Kila shimo ananiambia pole na jipu. Nafika saa tatu kasoro dakika nne, dada wa dirishani anakipokea anakiinua juu kwenye mwanga afu kwa sauti, HII YA NANI, HAIJAANDIKWA JINA. Benchi zima linanigeukia, na kuna mzee wa jumuiya yetu pale amekuja kupima sukari

*Kelvin SUA, 5:32*
😭😭😭😭 JIPU

*Shangazi Agnes, 5:34*
Mzee gani wa jumuiya?

*Frank Kimara, 5:35*
Shangazi sikutaji

*Ba'mdogo Elias, 5:37*
Majibu

*Frank Kimara, 5:41*
Yametoka sasa hivi. Bado zimeonekana chache. Wamesema nirudie baada ya wiki nne

*Upendo Dodoma, 5:44*
Usishtuke, inatokea sana, kwa wengine zinachelewa kuisha. Ikifika sifuri ndo umemaliza, hapo hata mimba kwa wanaume elfu moja ni moja au mbili. Mpaka hapo endeleeni na kinga

*Mama Frank, 5:50*
[ujumbe wa sauti, sekunde 31]

*Kelvin SUA, 5:52*
Mama mkubwa anasema pole, na kile kikopo cha mara ya pili ukifunge na kitenge sio soksi, kitenge kinatunza joto zaidi

*Neema mama Junior, 6:15 mchana*
Ukitoka kazini pitia duka la dawa zimebaki mbili tu, na usinunue zile za ndizi

*Neema mama Junior, 6:16*
🚫 Ujumbe huu umefutwa

*Ba'mdogo Elias, 6:16*
Nimeshasoma