Naomba ushauri: tenki la lita 5,000 juu ya slabu

Wakuu, slabu ya paa ni milimita 150, nguzo zimeachana mita 4. Ilipigiwa hesabu ya mzigo hai (uzito wa watu na vitu vinavyohamishika) wa kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba; kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100. Sasa mwenye nyumba anataka tenki la lita 5,000 katikati ya chumba.

Maji tu ni tani 5. Kitako kina kipenyo cha mita 1.8, kwa hiyo ni kama kilonyutoni 19 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara 12! Fundi anasema "slabu nene, itabeba". Sikubaliani naye, uzito wa zege lenyewe tayari ni kilonyutoni 3.6 kwa mita ya mraba.

Nafikiria mihimili miwili ya chuma ikalie juu ya bimu, slabu isiguswe. Kwenye hesabu ya usalama, maji niyazidishe kwa 1.4 (kama mzigo wa kudumu) au 1.6 (kama mzigo hai)? Na msingi wa nguzo mnaukaguaje bila kufukua wote?