Familia ya Khayega 🐓

Rose Nakuru 06:12
Habari za asubuhi watu wa nyumbani. Nimerudi jana usiku na sijalala. Nani mwingine ameona vile Mama amekonda? Jumatatu nilimpandisha kwa mizani, kilo 68. Kitabu chake cha kliniki cha Agosti mwaka jana kinasema 81.

Rose Nakuru 07:30
Naona tiki za bluu. Mko kimya.

Ken wa Probox 07:41
Anti, nyanya yetu Kukhu amerudi ujana 😂 Krismasi kuna mzee wa kanisa alimbebea kiti mpaka kwa mlango

Mercy 07:42
😂😂😂 Ken wacha

Rose Nakuru 07:50
Ken hii si ya kucheka. Mtu akitembea na kupunguza ugali akakonda, sawa. Mama hajajaribu kitu. Saa inateremka mpaka kwa kiwiko, sketi ya kanisa amefunga na pini mbili. Na Jumapili aliniuliza mara tatu kama Baba amekula.

Rose Nakuru 07:51
Baba tulimzika 2016.

Wycliffe 11:40
Pole nilikuwa kazini. Lakini Rose, si daktari mwenyewe ndio alisema apunguze mwili? Miaka yote tunaambiwa mtu wa sukari asinenepe, ati kitambi kinaharibu hadi akili. Sasa amepunguza imekuwa shida tena?

Rose Nakuru 11:43
Brian mwelezee, wewe ndio unasomea haya mambo.

Brian Kisumu 13:05
Anko zote mbili ni kweli, inategemea umri. Unene wa miaka ya 40 na 50 unaongeza hatari ya demensia baadaye, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na sukari peke yake pia inaongeza. Jarida la Lancet 2024 walitoa ripoti ya mambo 14 yanayoweza kuzuilika au kutibiwa, yote mawili yako ndani, na presha, kutosikia vizuri, hata kukaa pekee yako. Lakini mtu amepita 70 akianza kuisha bila kujaribu, hiyo mara nyingi ni ugonjwa unajitangaza, kilo zinaweza kuanza kushuka miaka kadhaa kabla familia haijaona anasahau. Harufu ya chakula haisikii tena, anasahau kula ama anadhani amekula. Kwa wazee wa sukari tafiti kadhaa zimeona hivyo hivyo, wanaokonda ndio wanapata demensia zaidi kuliko walionenepa kidogo. Si kusema mafuta yanalinda ubongo, hapana.

Ken wa Probox 13:09
Kumbe kitambi changu ni akiba ya uzeeni 😂

Brian Kisumu 13:10
Wewe una 41. Chako kiko kwa ile orodha ya kwanza.

Mercy 13:10
😂😂😂😂 Ken amepatikana

Rose Nakuru 13:30
Turudi kwa Mama tafadhali. Kliniki ni Alhamisi. Kila mtu 2,500, kuna vipimo vya damu na gari.

Wycliffe 14:02
Mchango tena. Ule wa Baba mpaka leo nani alitoa hesabu? Na yule ng'ombe mwekundu alienda wapi?

Rose Nakuru 14:03
Wycliffe usianze.

Wycliffe 14:03
Nauliza tu.

Violet Mama Junior 16:48
Nimesoma yote. Kwa hivyo mnasema mimi simpi Mama chakula. Wiki jana saa nane usiku nilimpata ameloa jasho, blauzi unaweza kukamua, anatetemeka na ananiita kwa jina la dada yake. Nikapima sukari, imeshuka hadi 2.9. Nikampa chai ya sukari nyingi nikamshikilia kikombe kwa sababu meno yalikuwa yanagonga, nikangoja robo saa nikapima tena ikawa 5.1, nikampa mkate. Alikuwa amemeza dawa mara mbili juu alisahau ya kwanza. Sikuwaambia, nilijua mtasema ni mimi.

Brian Kisumu 16:55
Anti Violet ulifanya vizuri sana. Hapo ndio hatari iko. Sukari ikishuka sana mara kwa mara inaumiza ubongo, ubongo ukiumia anasahau dawa, akisahau anarudia. Hiyo dawa yake ya sukari, glibenklamidi, kwa mzee inaweza kushusha sukari muda mrefu, waulizeni kama itabadilishwa. Na metformini, dawa nyingine ya sukari, ya miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, hiyo nayo inaleta kusahau lakini inapimwa na inatibika. Tusimpe jina la demensia kabla ya kupimwa.

Senje Truphosa 18:20
Hapa ni Senje, shangazi yenu, Mercy ananiandikia. Nimesomewa yote. Kaka yetu mkubwa alikonda hivi hivi, akawa anatoka usiku kutafuta boma la babetu ambalo lilianguka sisi tukiwa watoto. Tukasema amerogwa. Tukauza shamba la mtoni pesa zikaisha kwa waganga, hakuna aliyempima hata sukari. Ng'ombe mwekundu nilipewa mimi, ndiye alichinjwa siku ya matanga na Wycliffe ulikula. Mpelekeni mulamwa wangu, mama yenu, hospitali. Violet, asante mwanangu.

Wycliffe 19:37
Nimesikia Senje. Nisamehe. Natuma 3,000 mwisho wa mwezi.

Rose Nakuru 19:38
Kliniki ni Alhamisi hii Wycliffe.

Rose Nakuru 19:44
Violet beba pakiti zote za dawa hata tupu, kitabu, na ile mashine ya kupima sukari, wasome namba zote. Waambie kilo 13 kwa mwaka, na usiku wa 2.9 usiuache. Boda hapana, miguu yake haishiki vizuri. Ken, gari?

Ken wa Probox 20:15
Iko kwa fundi anti, nitajua Jumatano

Violet Mama Junior 20:31
Amekula viazi vitamu viwili na maziwa kikombe. Dawa nimefungia kwa kabati yangu, nitakuwa nampa mkononi. Ameniuliza mbona nalia na simu. Alhamisi nani atabaki na Junior?

Brian Kisumu 20:40
Niko na mtihani hadi saa sita, naweza kuwapata hapo Kakamega mchana

Mercy 20:52
*Ujumbe huu umefutwa*

Anko Zablon 22:17
Habari zenu. Naona meseji nyingi. Kuna msiba?

Rose Nakuru 22:18
Hapana Anko. Soma kutoka juu. Ken, fundi anasemaje?