Ada ya leseni ya televisheni ya umma: ni haki wote kulipa sawa?

Mama Neema, Moshi
Wakuu, habari za jioni. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, anafanya usafi hospitalini. Juzi kanipigia simu kakasirika, barua ya leseni ya televisheni imemfikia tena. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50. Hata kama hufungui kabisa BBC, shirika la umma linaloendeshwa kwa ada hiyo, ukitazama matangazo ya moja kwa moja ya chaneli yoyote unalipa, na ukikaidi unaweza kufikishwa mahakamani, faini hadi pauni 1,000.

Nilitaka kumuunga mkono, nikasita. Tumekulia Machame. Marehemu baba alikuwa na redio ya betri, mfuniko ulishapotea, betri kazifunga kwa mpira wa baiskeli. Saa ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikifika, nyumba nzima kimya. Idhaa ile imeanza 1957 na sisi hatukuilipia hata senti, tulinunua betri tu. Zamani serikali ya Uingereza ndiyo iliyogharamia matangazo ya nje, ila tangu 2014 mzigo mkubwa umehamia kwenye hiyo leseni. Kwa hiyo pauni za dada yangu zinawasomea habari wazee wa huku mlimani. Je, ni haki? Na ikija ada kama hiyo kwa ajili ya TBC, shirika letu la utangazaji la umma, mtalipa?

Fundi Dishi, Arusha
Mama Neema, mimi silipi. Nafunga ving'amuzi kuanzia Ngarenaro mpaka Kisongo, na nakumbuka mwaka 2013 analojia ilipozimwa huku kwetu. Kuna bibi mmoja aliuza mikungu ya ndizi ndipo akapata hela ya king'amuzi, maana runinga yake ya chogo ilibaki chenga tupu. Huyo hajalipa bado? Halafu najua wataiweka wapi hiyo ada: kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kama kodi ya jengo. Jengo la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji aliyenunua umeme.

Mwalimu Mstaafu, Kijenge
Fundi, hoja ya LUKU nakubali. Lakini fedha zikitoka serikalini peke yake, mhariri atamwogopa nani? Wajerumani wanatoza kila kaya euro 18.36 kwa mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo, na wanaoishi kwa msaada wa serikali wanaweza kuomba msamaha. Wafaransa nao waliifuta ada yao ya euro 138 mwaka 2022, wakahamia kwenye kodi. Nilifundisha uraia miaka mingi. Chombo cha umma kinachongoja bajeti kila mwaka hakiwezi kumuuliza waziri swali gumu.

Mama Neema, Moshi
Shikamoo mwalimu. Umenigusa hapo kwa waziri, na kwa sababu hiyo nasema ada iwepo. Kinachoniuma ni usawa wake. Dada anadeki chumba cha upasuaji, na daktari bingwa anayepasua humo analipa ada ile ile. Kwa daktari ni chakula cha jioni, kwa dada ni zamu mbili za usiku. Hata wazee wa miaka 75 na kuendelea walikuwa wanasamehewa wote. Tangu Agosti 2020 wamebaki wale wanaopata nyongeza ya pensheni ya wasiojiweza tu. Mtu akitozwa kwa kadiri ya kipato chake, sina ugomvi. Dada nimemwambia asiache kulipa, agawe kwa mafungu, na amwandikie mbunge wake.

Fundi, yule bibi wa ndizi bado anaona televisheni?

Fundi Dishi, Arusha
Anaona, Mama Neema. Kifurushi kimekata tangu mwezi wa pili, hana hela. Zimebaki zile chaneli za bure. Nilipita Jumapili nikamkuta anaangalia taarifa ya habari ya TBC.