Kangaga mti: ninunue gogo lisilo na mizizi au mche wa kwenye chungu?

Kivulini

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kabla sijatuma hela maana si hela ndogo. Nina sehemu nyuma ya nyumba, upande mmoja ukuta upande mwingine miti mikubwa, jua linapita asubuhi kidogo basi, nyasi hazishiki na maua yote niliyopanda hapo yanarefuka tu yakitafuta mwanga halafu yanalala. Siku nyingi natamani makangaga miti, yale yenye shina refu majani yake yanafunguka juu kama mwavuli, na kwa nilivyosoma kivuli na unyevunyevu ndo maisha yake.

Nimepata kitalu kinachouza mimea adimu tu, makangaga miti, saikadi (ile mimea ya kale inayofanana na mitende mifupi), mimea inayokula wadudu na kadhalika, wanatuma kwa kifurushi. Wamenipa machaguo mawili. La kwanza ni gogo la Dicksonia antarctica la mita moja, limekatwa chini, halina mzizi wala jani, wanasema ukilisimika linaota. La pili ni mche wa Cyathea, jamii nyingine ya kangaga mti, kwenye chungu, majani tayari marefu ila shina bado halijaanza kupanda. Gogo bei yake ni mara kadhaa ya mche. Halafu kuna muuzaji mwingine kabisa mtandaoni ana magogo ya Cyathea kwa bei ya kutupa, nayo yamekatwa vilevile.

Sasa naomba kujua, kweli gogo lisilo na mizizi linaota au ndo napigwa? Na niwaulize nini kabla sijalipa? Wana Wollemia pia, ule mti adimu wa Australia, nimeiona picha nikaitamani sana, kama kuna aliyewahi kuipanda aniambie.

---

mtunza_miche

Mkuu hujapigwa. Gogo la Dicksonia antarctica linaota kweli, mimi kazi yangu ni kitaluni na tumeyasimika mengi yakashika. Sababu iko kwenye shina lenyewe. Ule unene unaouona sehemu kubwa ni mizizi, shina halisi ni jembamba liko katikati, na mizizi inachomoza juu karibu na kichwa halafu inashuka ikilizunguka shina mwaka baada ya mwaka mpaka inakuwa tabaka nene la nyuzinyuzi za kahawia. Kwahiyo aliyekata chini hajaondoa mizizi yote, ameondoa ncha, ile iliyobaki kwenye shina ukiilowesha inaendelea kushuka mpaka inaingia udongoni.

Ila uhai wote uko kichwani. Aina hii haichipui pembeni, kichwa kikifa gogo zima limekufa hata kama huku chini bado linaonekana bichi. Ndo maana picha ya gogo iliyopigwa ubavuni haikusaidii chochote, waombe picha ya juu, kamera iangalie katikati ya kichwa. Utaona vifundo vya mviringo vimejikunja vimefunikwa na manyoya ya kahawia, hayo ndo majani ya msimu ujao. Ukivibonyeza kwa kidole viwe vigumu. Vikibonyea au vikitoa harufu ya kuoza achana nalo, hata wakupunguzie bei. Kama huwezi kufika mwenyewe waambie wabonyeze wao kwenye video, kitalu kinachojua kazi yake hakikatai.

Waulize limekatwa lini na tangu likatwe limekaaje. Gogo linalomwagiwa maji ni zito, ukilibeba unalisikia, lile lililolala ghalani limekauka linakuwa jepesi na hapo ni bahati nasibu. Na waulize kama wana lililoshasimikwa likatoa majani hapohapo kwao, litakuwa ghali zaidi lakini mimi ningenunua hilo, maana kazi ngumu imeshafanyika na unaona kwa macho kwamba liko hai.

Kuhusu bei usishangae. Dicksonia antarctica inapanda sentimita 3 hadi 5 hivi kwa mwaka, kwahiyo gogo la mita moja lina miaka 20 hadi 30 mgongoni. Huo ndo muda unaoulipia.

Kusimika: chimba shimo la kulifanya lisimame tu, usilizike nusu nzima kwa kuogopa litaanguka, hapo unakuwa umetupa miaka uliyoinunua, bora ulifunge kwenye vigingi mpaka lishike. Changanya mboji ya majani kwa wingi, udongo uwe na asidi kidogo na usituamishe maji. Halafu watu wengi wanamwagia chini ya gogo tu, wakati mizizi inayotafuta maji iko kwenye shina. Mwagia kuanzia kichwani maji yateremke shina lote, wakati wa joto kila siku, msimu wote wa kwanza. Kama maji yako ya bomba yana chokaa nyingi kinga maji ya mvua utumie hayo. Linaweza kukaa wiki nyingi halijaonyesha kitu, usiling'oe kuangalia kama limetoa mizizi maana ile michanga inayoanza ndo unaikata.

---

Zuhura_M

Nakubaliana na mtunza_miche kwa Dicksonia, lakini hayo magogo ya Cyathea ya bei ya kutupa tafadhali dada/kaka usinunue. Cyathea ikikatwa chini kwa kawaida haishiki. Mbaya zaidi inakudanganya, inafungua majani mawili matatu kwa akiba iliyobaki kwenye shina, unafurahi unapiga picha, halafu inasimama hapohapo inaoza. Cyathea inunuliwe kwenye chungu na mizizi yake kamili, hakuna njia nyingine.

Na ujue kuzitofautisha mwenyewe maana lebo zinachanganywa. Mimi nililetewa mmea umeandikwa Dicksonia na nilipofungua boksi nikaona magamba, muuzaji akabisha wee mpaka nilipomtumia picha ya karibu. Angalia shina la jani pale linapoanzia kichwani. Dicksonia ina manyoya, laini, ukipitisha kidole unahisi ulaini. Cyathea ina magamba, bapa, makavu, yanabanduka, na kwenye Cyathea cooperi ni ya rangi hafifu na yanawasha vibaya yakikuingia shingoni, vaa glavu na mikono mirefu ukiwa unapunguza majani. Cooperi iliyokwisha panda shina utaona pia makovu ya mviringo pale majani ya zamani yalipodondoka, shina linakuwa na alama mwili mzima.

Jingine, "Cyathea" peke yake haitoshi, waulize Cyathea ya nini. Medullaris ina mashina ya majani meusi na kwao New Zealand inafika mita 20, hiyo kwenye uchochoro wako itakutoa nje. Dealbata ndo ile ya chini ya jani rangi ya fedha, nembo ya New Zealand, nzuri mno ila ina mwendo wa pole na haipendi kusumbuliwa. Cooperi ndo yenye mbio, ikipata joto na maji inaweza kupanda hata sentimita 30 kwa mwaka, kwahiyo mche mdogo wa cooperi baada ya miaka michache unaanza kulikaribia gogo lako la bei. Na usishtuke ukikuta lebo imeandikwa Sphaeropteris cooperi au Alsophila dealbata, wataalamu wamezigawa upya, mmea ni uleule.

Ila cooperi baridi ya barafu haiiwezi, majani yanaungua mara moja. Kama kwako jalidi inaanguka chukua Dicksonia, hiyo inavumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na bado kichwa ukijaze majani makavu wakati wa baridi. Na kama kwako ni joto na mvua mwaka mzima basi fikiria mara mbili pia, Hawaii cooperi ilipandwa kama pambo ikatoroka, spora zake, ile vumbi inayozalia badala ya mbegu, zinapeperushwa mbali na sasa ni gugu kwenye misitu ya asili kule. Uliza ofisi ya kilimo ya kwenu kama inaruhusiwa.

---

BwanaShamba

Mmeeleza vizuri sana, mimi naongeza la makaratasi maana hapo ndo wengi wanapoteza mmea na hela pamoja.

Makangaga miti ya jamii ya Cyathea yote yako kwenye Orodha ya II ya mkataba wa CITES, ule wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini ulioanza kufanya kazi 1975. Maana yake kuuzwa yanauzwa, ila yakivuka mpaka lazima yawe na kibali, hata kama yamekuzwa kitaluni. Dicksonia zinazobanwa na CITES ni zile za bara la Amerika tu, antarctica ya Australia haimo, lakini usidhani ndo huru. Tasmania gogo likivunwa lazima lifungwe lebo rasmi yenye namba, isiyong'oka kirahisi, na yanatakiwa yatoke kwenye maeneo yaliyoruhusiwa kuvunwa. Mwambie muuzaji akupigie picha ya lebo ikiwa bado iko kwenye gogo. Gogo la msituni lisilo na lebo mtu kalikata usiku, na mmea wa miaka 30 hauoteshwi tena kesho, hilo linaniuma kweli.

Ukiagiza nje ya nchi kuna pia cheti cha afya ya mimea, kinatolewa na serikali ya kule mmea unakotoka baada ya kukaguliwa. Muuzaji akikwambia "usijali tutaandika ni zawadi" au "tutaandika ni mapambo" kimbia. Forodha wakikamata wanachoma, na wewe ndo jina lako liko kwenye boksi.

Umesema wana saikadi. Hapo kuwa makini zaidi ya yote. Encephalartos zote, yaani saikadi za Afrika, kila aina, ziko Orodha ya I, ngazi ya juu kabisa, na wizi wake ni mkubwa mpaka nyingine zinafungwa chipu ndani ya shina. Encephalartos woodii ilipatikana 1895 huko Ngoye, Afrika Kusini, kichaka kimoja tu cha dume, na mpaka leo jike halijapatikana, zote zilizopo duniani ni vipande vya yule mmoja. Kwahiyo mtu akikuuzia "mbegu za woodii" unajua unaongea na nani.

Wollemia ni kinyume chake, hii unaweza kununua roho ikiwa safi. Iligunduliwa 1994 kwenye korongo kaskazini-magharibi mwa Sydney, aliyeikuta ni David Noble, na miti mikubwa iliyopo porini haifiki 100. Badala ya kuficha kabisa waliamua kuizalisha na kuiuza ili watu wasiende kuiba, mahali penyewe pakabaki siri. Pamoja na hayo ugonjwa wa kuoza mizizi, Phytophthora, uliingia kule, inaaminika ni kwa viatu vya watu waliopita bila ruhusa. Ndo maana mimi mmea wowote unaotoka kitalu cha mbali hauungani na mingine kwanza, unakaa peke yake wiki chache, na udongo wake siutupi bustanini. Kuipanda si ngumu, chungu kirefu, udongo unaopitisha maji haraka, maji yasituame kabisa.

---

Kivulini

Asanteni sana, sikutegemea msaada wa namna hii. Nimewaandikia wale wa kwanza jana jioni na wamejibu vizuri. Gogo lina lebo, namba inasomeka. Picha ya kichwa wametuma, katikati naona vifundo vitano au sita, vimefungana, manyoya ya kahawia iliyoiva, kimoja cha pembeni ni cheusi na kimenywea. Wanasema liko chini ya vinyunyizio tangu lifike ila bado halijatoa jani. Yale yaliyotoa majani yamebaki ya nusu mita tu.

Cyathea yao wamesema ni cooperi. Huku kwetu barafu haishuki ila kiangazi upepo ni mkavu kweli. Yule wa magogo ya bei ya kutupa nilipomuuliza ni aina gani amejibu "zote ni sawa" basi nikaachana naye.

Kwahiyo nachagua kati ya mita moja isiyo na jani na nusu mita yenye majani, au nachukua cooperi?

---

Chumvi_na_Mboji

Mimi natofautiana kidogo na wanaosifia shina refu. Chukua la nusu mita lenye majani. Kangaga mti fupi linakaa chini ya macho yako, ule wakati jani linapokunjuka unaliona lote, manyoya yanavyoachia, vijani vidogo vinavyofunguka kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Likishakupita urefu utakuwa unaangalia shina na mgongo wa majani. Na upepo mkavu unaumiza kichwa, fupi likiwa nyuma ya ukuta linajificha.

---

mtunza_miche

Hicho kifundo kimoja cheusi cha pembeni hakinitishi, cha pembeni mara nyingi ni cha msimu uliopita kilichoshindwa kufunguka. Ningeogopa kama weusi uko katikati kabisa. Lakini kwa upepo mkavu uliousema namuunga mkono Chumvi_na_Mboji, la nusu mita lenye majani, maana hilo lina mizizi tayari na litaweza kunywa, la mita moja litakuwa linategemea wewe ulimwagie kila siku na ukisafiri kidogo tu kiangazi limekwenda.

Kabla hawajapakia waambie wafunge majani kwa juu, wasiyakate, na shina walivingirishe gunia au moss (ile mimea midogo laini inayoota penye unyevu) iliyoloweshwa. Likifika lifungue siku hiyohiyo, lichovye maji shina zima, liweke kivulini kabisa. Majani liliyokuja nayo yalizoea nyumba ya plastiki yenye unyevunyevu kwahiyo baadhi yatakauka kwenye ncha, usiyakate haraka, yakishakufa kabisa yaache yaning'inie yakinge shina dhidi ya upepo. Jani la kwanza litakalokunjukia kwako ndo litakuwa limezoea hewa yako, hilo ndo la kuangalia afya. Mbolea usiweke mpaka hilo litoke, na hata hapo iwe ya maji, nyepesi, nusu ya kipimo walichoandika kwenye chupa.

Cooperi unaweza kuiongeza baadaye ukishaona upepo unavyocheza hapo, ila kaulize kwanza kama inaruhusiwa kama Zuhura alivyosema.