Filamu za Nat Turner: "maneno yake mwenyewe" ni ya nani?

Kihesa, Iringa
Kamwene wakuu. Kikundi chetu cha video kinaandaa onyesho la dokumentari za uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner, Virginia, Marekani, Agosti 1831. Watazamaji ni kidato cha tano na sita wa Historia. Filamu moja inamfanya nabii, nyingine mpigania uhuru, nyingine mwuaji wa watoto wachanga, na zote zinanukuu "maneno yake mwenyewe". Inakuwaje? Na wanafunzi tuwape kitu gani cha kushika wakati wanatazama?

Uyole
Ugonile mkuu. Anzia hapo hapo kwenye "maneno yake mwenyewe". Turner alikamatwa 30 Oktoba, akanyongwa 11 Novemba. Kati ya tarehe hizo mwanasheria mzungu, Thomas R. Gray, aliingia gerezani kuzungumza naye kwa siku tatu kuanzia tarehe 1, na mwezi huo huo kijitabu cha "maungamo" kikachapwa Baltimore. Gray hakuwa wakili wake. Alikuwa na hali mbaya ya fedha, na kijitabu kilikuwa cha kuuzwa.

Sasa kijitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza: niliona, niliamriwa na Roho. Mpe mwigizaji mwenye sauti nzito azisome sentensi hizo, na ndani ya dakika mbili mtazamaji kashasahau kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa Gray. Si kwamba yote ni uongo. Mfululizo wa nyumba ambazo waasi walizipita wakiua usiku ule unaaminika kwa sehemu kubwa, na kupatwa kwa jua anakotaja kulitokea kweli, 12 Februari 1831. Tatizo ni lugha: pale Turner "anapojieleza" kama katili asiyejuta, huwezi kujua neno lipi lake na lipi la mwandikaji. Halafu Gray anadai maungamo yalisomwa mahakamani tarehe 5. Kumbukumbu za karani hazionyeshi hivyo.

Cha kushika: karatasi ya safu tatu. Dakika, nani anaongea, amejuaje. Simamisha filamu kila baada ya dakika 10 wajaze. Ukingoja mwisho watakuwa wamebaki na muziki tu.

Makambako
Ongeza safu ya nne: picha ni ya mwaka gani. Hakuna picha ya Turner iliyochorwa akiwa hai ambayo imethibitishwa. Ile maarufu ya kukamatwa kwake msituni ilichorwa miongo kadhaa baadaye. Ile ya 1831 ya mauaji ilitengenezwa kutisha wasomaji weupe. Watengenezaji huivuta karibu polepole, wakaweka mlio wa upepo na mbwa, basi inageuka ushahidi.

Na hesabu msizipite juu juu. Weupe waliouawa ni kama 55, wengi wanawake na watoto. Filamu inayoruka hapo inamlinda shujaa wake. Ila inayotaja hao tu na kunyamazia weusi waliouawa ovyo kwa kisasi, wengi wao hawakushiriki kabisa, nayo imechagua upande. Idadi ya hao inabishaniwa, kuanzia dazeni chache hadi 200, kwa hiyo msimuliaji anayetaja namba moja kwa uhakika wekeni alama ya kuuliza.

Kitanzini
Kuna ya Charles Burnett ya 2003, *Nat Turner: A Troublesome Property*. Turner anaigizwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa toleo la mwandishi mwingine. Hiyo ndiyo ianze.

Uyole
Hapana, ndugu yangu, iwe ya mwisho. Mwanafunzi asiyejua kisa ataona sura zinabadilika atadhani ni watu tofauti. Kwanza filamu moja ya kawaida yenye msimuliaji mmoja, wajaze karatasi, ndipo Burnett.

Kitanzini
Sawa, nimekubali. Basi katikati wekeni zoezi la nyumbani. Mwili wa Turner ulipasuliwa, fuvu likatangatanga, na 2016 fuvu linalodaiwa kuwa lake likakabidhiwa kwa wazao wake. Kwa mtoto wa Iringa hilo si geni, Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa, ni pale tu. Fuvu hilo la mtwa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani lilirudishwa 1954 na Gavana Twining wa Tanganyika, baada ya kuteuliwa kati ya mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu zake. Waandike sentensi mbili za msimuliaji juu ya picha ile ile: "Hili ni fuvu la Mkwawa", kisha "Hili ndilo fuvu lililorudishwa 1954, likachaguliwa kwa vipimo." Wazisome kwa sauti. Ya pili watailalamikia kwamba haina nguvu, na hapo ndipo mjadala wenu uanzie.

Kihesa, Iringa
Asanteni sana wakuu. Karatasi safu nne, kituo kila dakika 10, Burnett mwisho. Zoezi la Kalenga nitaliweka kabla ya mapumziko, maana baada ya chai nusu yao hawarudi.